KULIJUA JIWE LA CHUMVI

Sisi walimu tufundishao Njombe twaletewa mawe na watoto kila mara, hasa mvua ikisha kuosha njia. Kila mtoto auliza: Je, jiwe hili ni jiwe gani? Nasi huanza na lile walijualo wote, yaani chumvi, kwa maana chumvi nayo ni madini.

Katika milima yetu halichimbwi. Tangu zaidi ya miaka 1,000 watu wa Uvinza huipata chumvi katika maji ya chemchemi, na watu wa pwani huianika kwa jua. Yetu hufika Makambako, pale njia ya Songea ikutanapo na barabara ya Mbeya na reli ya TAZARA.

Basi chukueni punje kubwa ya chumvi ya mawe, mwitazame juani. Pembe zake ni za mraba, na ukiipasua, vipande navyo huwa vya mraba. Lakini dalili moja haitoshi. Liko jiwe liitwalo floriti, jamaa ya chumvi, nalo pia huota kwa umbo la mraba. Kwa hiyo tazameni ugumu. Mwaka 1812 Friedrich Mohs aliyapanga mawe kwa ugumu, toka 1 hata 10. Chumvi haipiti 2 na nusu, hata senti ya shaba huikwaruza. Floriti ni 4. Na lile jiwe jeupe la njiani, kwatzi, ni 7, nalo hukwaruza kioo. Tena pimeni uzito: chumvi yaushinda uzito wa maji kama mara 2, floriti mara 3 na zaidi. Kisha litieni majini: chumvi huyeyuka, haya mengine hukaa vile vile. Ulimi uwe wa mwisho, wala msilambe jiwe msilolijua, kwa kuwa mawe mengine yana sumu.

Lakini iko haja kubwa kuliko mawe ya njiani. Mvua nyingi huyaondoa madini joto katika udongo wa milimani, ndiyo sababu zamani rovu lilienea sana katika Nyanda za Juu Kusini, na mtoto aliyeyakosa tumboni mwa mamaye aweza kuzaliwa na akili nzito. Tangu miaka ya 1990 serikali huamuru madini joto yatiwe katika chumvi. Nayo hayaonekani kwa jicho, wala kwa ukucha, wala kwa ulimi. Chumvi mbili zaweza kufaulu majaribu yote tuliyoyataja, moja ikawa nayo, nyingine ikakosa. Huipambanua tone la dawa yenye wanga tu: chumvi iliyo nayo hugeuka rangi ya buluu au zambarau.

Kwa hiyo, enyi akina mama, mnunuapo sokoni chumvi iliyo wazi katika gunia, msitosheke na weupe wake. Chagueni ile ya pakiti yenye alama ya madini joto, mwiweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua, na kuitia chunguni chakula kikaribiapo kuiva.