Boksi la Magomeni

Nilimaliza mafunzo ya umeme wa majumbani VETA Chang'ombe mwaka 1997, nikaanza kumfuata fundi mmoja wa makamo aliyekuwa na kazi nyingi Kinondoni na Magomeni. Wiki ya tatu tulikwenda kubadilisha breka moja iliyokufa. Nilizima mein swichi mwenyewe. Taa zikazimika, redio ya chumba cha pili ikanyamaza, nami nikaona nyumba nzima haina umeme. Nikapeleka mkono juu ya swichi nisogeze waya uliokuwa unanizuia.

Nilijikuta nimekaa chini, mgongo kwenye kabati la vyombo, mkono wa kulia hauna habari nami.

Mzee hakunigombeza. Alisubiri mpaka nikaanza kuhisi vidole, akanishika bega akanirudisha mbele ya boksi lile lile la breka. "Mwanangu, waya hizi nene mbili zinatoka kwenye mita. Mein swichi inakata kinachokwenda ndani ya nyumba. Kinachoingia haikikati. Hapa juu pana umeme mpaka aliye na mita yake auzime." Halafu akanifundisha jambo ambalo sijaliacha tangu siku ile: testa uiweke kwanza pale unapojua pana umeme uone inawaka, ndipo upime unapotaka kugusa, kisha urudi tena pale pa kwanza. Testa nayo hufa, na testa iliyokufa inakwambia kila waya ni salama.

Katika miaka yote iliyofuata, kazi niliyoitiwa zaidi ni ya boksi lililojaa. Nyumba ilijengwa na familia ya watu wanne, ikawekwa boksi la nafasi sita. Miaka ikapita, ikaja friji, pampu ya maji, hita ya kuogea, vyumba vya uani vya kupangisha. Nafasi zikabaki sita zile zile.

Nitaeleza nyumba moja tu, kwa sababu ndani yake yalikuwemo yote.

Mwaka 2016 mama mmoja mjane wa Magomeni aliniita. Nilimkuta barazani anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Nimeongeza vyumba vitatu uani, nataka wapangaji wapate hita, na mimi niweke kiyoyozi chumbani. Fundi aliyepita kasema boksi limejaa ila anaweza kubananisha."

Kubananisha. Neno hilo nimepambana nalo maisha yangu yote ya kazi. Kwenye daladala watu wanabanana wakafika, wakashuka, wakajinyoosha. Waya hazishuki. Zinabaki zimebanana usiku na mchana, na joto lake halionekani.

Nilipofungua kifuniko, harufu ilitangulia, ile ya plastiki iliyoungua pole pole. Chini ya skrubu moja, kwenye breka ya hita, palikuwa na waya mbili: mmoja wa milimita 4 wa hita yenyewe, mwingine wa 2.5 uliokwenda kwenye soketi za uani. Skrubu ile imetengenezwa kushika waya mmoja. Ukiweka mbili za unene tofauti, ule mnene unashikwa, mwembamba unabaki unacheza. Unapocheza unapata joto, na joto linazidi kuulegeza. Nilipouvuta kwa koleo baada ya kuhakikisha hauna umeme ulitoka bila kufungua skrubu. Ngozi yake ilikuwa imegeuka kahawia kwa urefu wa kidole gumba, ikakatika kama ganda la yai. Shaba ndani ilikuwa nyeusi.

Na breka yenyewe ilisomeka 40. Mama alisema zamani ilikuwa inajizima kila asubuhi, fundi akaja akaondoa ya 25 akaweka hiyo, ikatulia. Bila shaka ilitulia. Breka ipo kuulinda waya, na ile ya 25 ilikuwa inalalamika kwa haki, maana hita na soketi za uani zilikuwa zinavuta umeme mahali pamoja. Kuiondoa na kuweka 40 juu ya waya wa 2.5 ni kumwondoa mlinzi na kuacha mlango wazi. Nililisema hilo mbele ya mama kwa hasira, na sijutii.

Kabla ya kuanza kazi yenyewe nilikaa naye barazani na daftari. Watu wanadhani swali ni nafasi zimebaki ngapi. Mimi huuliza kwanza njia inayoingia ina uwezo gani, na nyumba inakula kiasi gani. Mein swichi yake ilikuwa ya ampea 60, umeme wa njia moja, volti 230. Hita yake ya papo kwa papo ilikuwa ya wati 5,500. Gawanya kwa 230 unapata ampea 24. Jiko la pleti 9, birika 9, pampu 5, taa na friji na runinga tuseme 3. Jumla 50. Akiongeza hita ya pili kama ile ya kwanza pamoja na kiyoyozi cha ampea 5, tunafika 79.

"Kwa hiyo haiwezekani?"

"Kwa hita hiyo haiwezekani, mama, labda uombe umeme wa njia tatu. Lakini wapangaji tukiwawekea hita ya tangi ya wati 1,500, inakula ampea 6 na nusu. Na vyote hivi huviwashi kwa wakati mmoja."

Akakubali. Alichouliza tu ni kama maji yatakuwa ya moto kweli.

Tuliwaomba watu wa shirika la umeme, wenye mita, wakate umeme nguzoni, maana lakiri ya mita si ya fundi kuivunja. Ndani ya boksi nilikuta nafasi ambayo hakuna aliyeifikiria. Taa za mbele zilikuwa na breka yake, za nyuma na yake, na nyumba nzima ilikuwa na taa 14 za wati 9, hazifiki hata ampea moja. Nikaunganisha waya zake mbili kwenye kiunganishi, nikatoa mkia mmoja kwenda breka moja ya 6. Skrubu moja, waya mmoja. Hita nikairudishia breka ya 25, peke yake. Kwenye nafasi iliyofunguka nikaweka breka ya 32, nikavuta waya wa milimita 10 mpaka uani kwenye boksi dogo jipya, lenye kinga ya kuvuja ya miliampea 30 na nyutro na ethi zake. Hita ya tangi, kiyoyozi na soketi za uani vyote vikaunganishwa huko.

Kilichonichelewesha ni rangi. Nyumba ilikuwa na waya za zamani, nyekundu na nyeusi, na za karibuni, kahawia na buluu. Zamani nyeusi ilikuwa nyutro. Katika rangi mpya za umeme wa njia tatu nyeusi ni laivu. Nilipima kila mmoja, nikafunga utepe, nikaandika. Siku mbili nzima.

Boksi dogo niliacha na nafasi mbili tupu. Mjukuu wa mama, wa darasa la nne, alisoma kwa sauti nilichoandika kwenye boksi kubwa kwa kalamu ya wino mzito: taa, jikoni, hita, pampu, uani.

Baada ya miezi mitatu nilirudi kukaza skrubu, kama nifanyavyo kila mahali. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi, hita zote mbili zinafanya kazi, mvuke unatoka dirishani uani. Kabla ya kuzima chochote niliweka mgongo wa kidole juu ya breka ya hita, pale plastiki ilipokuwa imeungua. Ilikuwa vuguvugu tu, kama kikombe kilichosahauliwa mezani.