Tunasoma Sebeya

Tukiwaambia watu kwamba Jumamosi tunaenda kusoma maji, wanacheka. Maji yana nini cha kusoma? Unachota, unachemsha, unakunywa. Kumbe iko sayansi nzima ya maji ya nchi kavu, yaani maziwa, mito, mabwawa na vinamasi, pamoja na viumbe vinavyoishi humo. Inaitwa limnolojia. Sisi hatujafika chuo, tumeishia sekondari, na wengine hata cheti kilibaki ng'ambo ya mpaka. Lakini mto Sebeya unapita hapa Nyundo, na kuuangalia hakuna ada.

Vifaa vyetu ni kifuniko cheupe cha ndoo kilichofungiwa jiwe, kamba yenye fundo kila sentimita kumi, chupa ya plastiki isiyo na rangi, na daftari. Tunatafuta kona ambapo mto umetulia, tunashusha kifuniko polepole, na pale kinapopotea machoni tunahesabu mafundo. Msicheke. Wataalamu nao wanatumia sahani ya namna hii, na inaitwa kwa jina la Angelo Secchi, padri Mwitalia aliyeijaribu baharini mwaka 1865. Chupa tunaijaza, tunaiacha usiku mzima bila kuitikisa, na asubuhi tunapima kwa rula tope lililokaa chini. Halafu tunageuza mawe ya kando. Tukikuta vidudu vidogo vyenye mikia mitatu, tunafurahi, sababu hao wanahitaji maji safi yenye hewa nyingi. Tukikuta tu vile vyekundu vyembamba kama uzi, vinavyovumilia maji yaliyoishiwa hewa, tunaandika pia, bila furaha.

Siku nyingi kifuniko kinapotea kabla ya fundo la pili. Tope hilo linatoka wapi? Sebeya inashuka kutoka milima ya Rutsiro, upande wa Gishwati. Gishwati ulikuwa msitu mkubwa. Miaka ya 1980 sehemu kubwa ilikatwa kwa ajili ya malisho ya ng'ombe na mashamba ya misonobari, na baada ya 1994 watu waliorudi kutoka ukimbizini wakatafuta humo pa kujenga na kulima. Hapa tunasimama kidogo, wandugu, sababu jambo hili linatugusa. Mkimbizi hakati mti kwa uovu, anataka kupika. Sisi tuliopita kambi za Goma tunajua gunia la makala linatoka mlima gani. Lakini mteremko ukibaki bila mizizi mvua inaubeba, nao unapita hapa darajani ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Kipande cha msitu kilichobaki kilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2015 pamoja na Mukura, na kwenye vilima vya bonde hili sasa unaona matuta na miti michanga.

Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 mvua ilinyesha bila kupumzika. Mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130 Magharibi na Kaskazini mwa Rwanda, na Sebeya ilitoka njiani ikaingia majumbani. Mama mmoja wa karibu na daraja alituona na kamba yetu akauliza, "Wanangu, huu mto wetu mnautakia nini? Nyinyi si mtaondoka?" Tukamwambia, "Mama, tunauandika tu." Alinyamaza, kisha akatupeleka kwenye ukuta wa nyumba yake akaweka mkono juu ya kitasa cha mlango. Maji yalifika hapo. Alama ile tumeiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Swali lake hatujalimaliza. Kweli tunaondoka. Wawili kati yetu wameshapata safari ya mbali, mwingine amerudi kwao Masisi. Sasa vipimo vya watu wanaopita vina faida gani?

Jibu tunalotoa tunalipata kwenye ziwa. Sebeya inaingia Kivu kule Rubona, na Kivu wengi wetu tunaiogopa tangu utoto. Chini kabisa, kwenye kina kinachozidi mita 400, maji mazito hayachanganyiki na ya juu, na ndani yake imeyeyuka gesi: kaboni dayoksaidi kilomita za ujazo kama 300, na methani kama 60. Ni kama soda iliyofungwa, uzito wa maji ya juu ndio kifuniko. Huko Kameruni, ziwa Nyos lilifunguka mwaka 1986 likaua watu kama 1,700. Sisi wenyewe tunayo mazuku, ile hewa nzito inayolala mashimoni Goma na kuua mbuzi na watoto. Ndiyo maana tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya Nyiragongo kulipuka, Goma ilipoambiwa ihame kwa hofu ya magma chini ya ziwa, tulikimbia bila kubisha. Wengi tulivuka hapa Gisenyi na godoro kichwani.

Siku kama ile, anayeweza kusema neno la maana ni yule aliye na namba za siku za kawaida. Rwanda iko na programu ya kupima Kivu tangu 2008: joto, chumvi, gesi, kina kwa kina, hata wakati hakuna mtu anayeuliza. Bila namba hizo za kuchosha, huwezi kujua kama ziwa limebadilika au ni sisi tumeogopa. Na daftari halina uraia. Waliosafiri waliacha kurasa zao, wengine wanaendelea kutoka pale pale, na sasa mwanafunzi mmoja mzaliwa wa Nyundo ndiye anayelitunza nyumbani kwao. Jambo hilo linatupendeza kuliko vipimo vyenyewe. (Hata sambaza ni mgeni Kivu, aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo nani atamfukuza sahanini?)

Kwa wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma: hatuombi semina. Tunaomba kipimajoto cha maji na buti za mpira jozi nne.

Anayetaka kuja Jumamosi aje na chupa isiyo na rangi na viatu visivyoteleza. Kukiwa na mawingu meusi upande wa Rutsiro hatushuki mtoni, hata kama hapa jua linawaka. Siku hiyo tunaandika rangi ya maji tukiwa juu barabarani.