Sindano, Karatasi na Lugha Kando ya Ziwa Mweru

Kazi ya sindano huhesabiwa na watu wengi kuwa ni ya kupitishia jioni, na kadi ya karatasi huhesabiwa kuwa ni mchezo wa watoto. Mimi nazihesabu zote mbili kuwa ni kazi kamili, maana kwa miaka kadhaa nimezifanya na kuziuza katika soko la Kashikishi, wilayani Nchelenge, mkoa wa Luapula nchini Zambia, na fedha zake zimeingia na kutoka mkononi mwangu kama fedha za kazi nyingine yoyote. Yafuatayo ni maelezo ya kazi hiyo, pamoja na jambo moja lililozuka ndani yake ambalo naamini linawahusu walimu wenzangu wa Kiswahili.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Mbeya. Mume wangu, mzaliwa wa huku ziwani, alikuwa mfanyakazi wa TAZARA, reli iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Alipostaafu tulikuja kukaa kwao. Kudarizi nilikuwa nimefundishwa tangu utotoni na mama yangu mzazi, mtu wa Tanga, aliyekuwa akitia maua na maneno katika foronya za maarusi. Kadi nilizianza darasani, wakati vifaa vya kufundishia vilipokuwa haba na karatasi ya manila ikawa ndiyo kila kitu chetu.

Mgeni afikaye Nchelenge hulikuta ziwa pana ambalo mpaka wa nchi mbili umepita ndani yake. Upande huu ni Zambia, na lugha ya soko ni Kibemba. Ng'ambo ya pili ni Kongo, na huko lugha ya soko ni Kiswahili. Mto Luapula huingia ziwani kutoka kusini, na kaskazini, penye mji wa Pweto, maji hutoka kwa jina la Luvua yakaenda kuukuta mto Kongo. Kiswahili si kigeni katika nchi hizi. Wasafiri wa misafara walikuwa wamekwisha kukileta katika karne ya 19. Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mwezi wa Novemba 1867, alimkuta huko mfanyabiashara Mohammed bin Saleh, aliyekuwa amekaa nchini miaka mingi. Na mwaka huo huo Tippu Tip alipigana na Nsama katika nchi ya Itabwa, iliyo kati ya Ziwa Mweru na Ziwa Tanganyika, vita ambavyo yeye mwenyewe alivisimulia kwa Kiswahili katika habari za maisha yake.

Katika siku zetu lugha hii imekuja tena kwa njia ya majonzi. Mwaka 2017 mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika yaliwavusha watu maelfu kuingia Zambia, na mwaka 2018 wengi wao walipewa mahali pa kukaa Mantapala, wilayani humu humu Nchelenge. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja wa Pweto, fundi wa sindano kunishinda mimi. Tulikutana sokoni, mimi nikiuza kadi na yeye akitafuta uzi wa sufu. Tangu siku hiyo akawa mwenzangu katika kazi. Yeye akaniita Mama Mwalimu, nami nikamwita yaya, kama wanavyomwita kwao ndugu aliyewatangulia kuzaliwa.

Darizi yetu ilikuwa ile inayojaza kitambaa chote, hata nguo ya chini isionekane. Nguo yenyewe inayofaa ni ya matundu sawasawa, nayo huku haipatikani. Kwa hiyo tulitumia magunia ya zamani ya nyuzi za mmea, yaliyofuliwa na kunyoshwa. Magunia ya plastiki hayafai, kwa kuwa nyuzi zake ni bapa nazo huteleza. Mshono ni nusu ya msalaba: sindano hutoka tundu moja ikaingia tundu la pembeni upande wa juu. Ukishona mstari kwa mstari, kila mshono huivuta nguo upande mmoja, na kitambaa kilichoanza mraba humalizika kimepinda kama nyumba iliyolemewa na upepo. Ukishona kwa kufuata mshazari, mivuto huzuiana na kitambaa hubaki na pembe zake. Siri hiyo niliipata kwa yaya.

Sasa tufanye hesabu, kwa maana fundi asiyehesabu huwafanyia wengine kazi bure. Kitambaa cha sentimita 20 kwa 20, chenye matundu manne kwa kila sentimita, kina matundu 80 kwa 80, yaani mishono 6,400. Mkono uliozoea hushona mishono kumi kwa dakika, ukiingiza na muda wa kutunga uzi. Hizo ni dakika 640, au saa 10 na dakika 40. Sisi tulikiuza kitambaa kwa kwacha 120, sufu na gunia vilitugharimu kwacha 35, zikabaki 85. Ukizigawa kwa saa zile, fundi hupata kama kwacha 8 kwa saa moja. Bandu bandu huisha gogo, lakini yafaa mwenye shoka ajue gogo lina thamani gani.

Kadi zina elimu yake pia. Hizi ni zile ambazo ukizifungua, picha husimama wima katikati. Karatasi hukunjwa mara moja. Kisha hukatwa mikato miwili iliyo sambamba kuanzia kwenye mkunjo, na kipande kilicho kati ya mikato husukumwa ndani kikawa kama kisanduku. Mbele ya kisanduku ndipo hubandikwa mtumbwi, nyumba au ndege. Kanuni ni mbili. Ya kwanza, urefu wa mkato usizidi nusu ya upana wa ukurasa, ama sivyo kisanduku kitachungulia nje kadi ifungwapo. Ya pili, urefu wa mkato ukijumlishwa na kimo cha picha usizidi upana wa ukurasa. Ukurasa ukiwa na sentimita 10 na mkato ukiwa na 3, mtumbwi pamoja na tanga lake usizidi sentimita 7. Gundi yetu ilikuwa ya unga wa muhogo uliopikwa, na muhogo ndio chakula cha mkoa huu, hivyo hatukukosa. Kadi moja ilichukua dakika 25, ikatugharimu kwacha 3, nasi tukaiuza kwacha 15.

Biashara ya ziwani hufuata samaki. Dagaa wa huku, waitwao chisense, huvuliwa usiku kwa taa; mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, na fedha sokoni hupungua. Kisha kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari serikali hufunga uvuvi ili samaki wazaliane. Sheria hiyo ni ya hekima, ila miezi mitatu hiyo ni mirefu kwa kila mwenye meza sokoni. Asiyevua hanunui, na asiyenunua hana sababu ya kutazama kitambaa cha ua.

Januari ya mwaka 2019, katikati ya ufungaji huo, alikuja mchuuzi kutoka mjini akataka kuchukua mali yetu yote: vitambaa 14 kwa kwacha 60 kila kimoja, na kadi 60 kwa kwacha 8 kila moja, fedha taslimu. Mwezi huo huo mtoto wa yaya alikuwa amepata nafasi ya sekondari, na karo ilikuwa inadaiwa. Yaya alitaka tuuze vyote. Akasema, "Mama Mwalimu, shule haingojei mwezi wa Julai." Maneno hayo hayakuwa na jibu rahisi. Nikiyapinga, mtoto angebaki nyumbani. Nikiyakubali, tungempa mchuuzi mwaka mzima wa macho na vidole vyetu.

Tukakaa chini na penseli. Kitambaa kwa kwacha 60, baada ya kuondoa gharama, kilibakiza 25, yaani kwacha 2 na ngwee 34 kwa saa. Kadi kwa kwacha 8 ilibakiza 5 kwa dakika 25, yaani kwacha 12 kwa saa. Hapo ndipo sote wawili tulipotazamana. Kadi iliyouzwa karibu kwa nusu ya bei ilimlipa fundi zaidi ya kitambaa kilichouzwa kwa bei kamili! Aidha, masika yalikuwa yamepamba moto, na karatasi hunyonya unyevu ikalegea hata picha isisimame, lakini sufu hungoja. Basi tukamwuzia mchuuzi kadi zote 60, tukapata kwacha 480, na vitambaa tukavirudisha sandukuni. Sehemu yangu, kwacha 240, nikamwachia yaya hadi Julai. Zilitosha malipo ya muhula wa kwanza. Mwezi wa Julai, wakati wa sherehe ya Umutomboko kwa Mwata Kazembe huko Mwansabombwe, iliyo kusini mwetu, tuliuza vitambaa 11 kwa kwacha 120, na yaya akanilipa kabla sijamkumbusha.

Nimesema kwamba jambo jingine lilizuka, nalo lilihusu maneno. Vitambaa vingi tulivitia maandishi. Wanunuzi wengine walitaka Kiingereza, wengine walitaka "Mwaiseni", neno la Kibemba la kukaribisha. Tuliwapa walichotaka. Ila vitambaa vyetu wenyewe tulivitia methali, na ya kwanza ilikuwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Kila herufi huchukua safu kama sita za matundu pamoja na nafasi yake, kwa hiyo "mwenyeji apone" katika mstari mmoja ingezidi safu zetu 80. Tukaigawa katika mistari mitatu. Nilipokuwa nikiandika kielelezo, yaya akanishika mkono. "Kwetu tunasemaka mugeni," akasema. "Ukitosha ile u, mama yangu hataisoma."

Walimu wenzangu watatambua mara moja Kiswahili cha Katanga. Kutosha, kwao, ni kutoa. Na kiishio cha -ka katika "tunasemaka" ni cha jambo la desturi. Mwalimu wa sanifu angeweza kumjibu kwamba u hiyo si sahihi, na akaendelea kushona. Mimi nilimwuliza kisa cha mama yake. Akanieleza kwamba bibi huyo hakuenda shule. Alijifunza herufi ukubwani, naye husoma kwa kutamka kila silabi kama anavyoisikia kinywani. Kwake yeye, m na g zilizosimama pamoja bila irabu ni mlango uliofungwa. Na kitambaa hicho yaya alikuwa amekikusudia kwa ajili ya mama yake huyo.

Nikatazama kielelezo nikahesabu. Kwa "mugeni njoo" tungehitaji safu 63, na nguo ilikuwa na 80. Nafasi ilikuwapo. Tukashona vitambaa viwili, kimoja "mgeni" na kimoja "mugeni", tukavitundika mezani pamoja. Watu wa Nchelenge walikisoma cha pili kwa urahisi kuliko cha kwanza, na sababu yake nikaigundua papo hapo. Mbemba husema umuti, Mkatanga husema muti, sanifu yasema mti. Mbemba husema umuntu, Mkatanga husema mutu, sanifu yasema mtu. Ni ngazi moja yenye daraja tatu, na mwanafunzi wa huku husimama daraja ya juu kabisa. Kumwambia aruke moja kwa moja hadi chini ni kumwumiza miguu bure, wakati daraja ya katikati ipo na watu wake wanakaa jirani.

Tangu hapo nafundisha hivyo. Jioni mara mbili kwa juma huja kwangu watu wachache, wauza samaki na vijana, wakitaka Kiswahili cha kufanyia biashara ng'ambo. Hamu yao imezidi, kwani Agosti 2019 nchi za SADC ziliamua Kiswahili kiwe lugha yao rasmi ya nne, na Novemba 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Kwa siku hiyo wanafunzi wangu hutengeneza kadi zao wenyewe: mtumbwi husimama katikati, na juu ya tanga kila mmoja huandika neno alilolipenda. Anayeandika "mutoto" simfutii. Namwomba aandike na "mtoto" upande wa pili wa tanga, aweze kusomeka Pweto na Dar es Salaam.

Mwezi wa Desemba 2021 safari za kuwarudisha kwa hiari watu wa Pweto zilianza, na mwaka uliofuata yaya naye akajiandikisha. Tuligawana mali bila neno: mikasi miwili, kila mtu wake, sufu kwa kuipima, fedha kwa daftari. Nilidhani angekichukua kitambaa cha "mugeni" ampelekee mama yake. Akasema kile cha mama atakishona upya akifika, kwa kuwa huko bibi ndiye mwenyeji na yeye ndiye atakayekuwa mgeni arudiye, na inapasa kitambaa kishonwe hapo hapo nyumbani kwao. Hiki akaniachia.

Kimetundikwa mahali ninapofundishia. Kila anayeanza kujifunza hukitazama, kisha huniuliza kwa nini neno la kwanza lina u ambayo kitabu hakina. Nami hapo ndipo ninapoanzia somo.