Kastori wa Lachine na mto wetu



Mwaka jana nilienda Montreal, Kanada, kumsaidia binti yangu aliyejifungua. Siku moja ya jua, mtoto mchanga akiwa amelala, nilimchukua mjukuu wangu wa miaka 5 tukaenda kutembea kandokando ya mfereji wa Lachine. Njia yake ni ya kilomita 14 hivi, toka bandari ya zamani mpaka ziwa Saint-Louis. Watu wanapita kwa miguu na kwa kinga, na jamaa zinakaa kwenye majani zinakula.

Tulikuta watoto wamejaa mahali pamoja wakipiga kelele. Katikati yao alisimama kastori mkubwa kuliko mimi. Kumbe ni mtu aliyevaa vazi la mnyama! Jina lake Parka, na kazi yake ni kukaribisha watoto katika mbuga za taifa za Kanada. Kastori wa kweli ni mnyama wa majini, mwenye meno ya rangi ya machungwa na mkia bapa kama mwiko wa bukari. Hukata miti kwa meno yake, akaziba mito.

Mjukuu wangu hapendi masomo marefu. Lakini alimshika Parka mkono, akakaa kimya kumsikiliza dada aliyefuatana naye. Dada alieleza kwamba mto Saint-Laurent una maji makali pale, boti zilishindwa kupita. Ndipo watu wakachimba mfereji huu, wengi wao wageni kutoka Ireland, kwa sululu na sepetu, ukafunguliwa mwaka 1825. Ndani yake kuna milango ya maji: boti inaingia, mlango unafungwa, maji yanaongezwa au kupunguzwa mpaka yalingane na ya upande wa pili. Nikakumbuka mto wetu chini ya Kinshasa. Huko nako maji makali yalizuia boti, na babu zetu wengi walikufa wakijenga reli ya Matadi, iliyomalizika mwaka 1898.

Kando ya mfereji vikajengwa viwanda vingi. Mwaka 1959 meli kubwa zilipata njia nyingine, na mwaka 1970 mfereji ukafungwa. Ulifunguliwa tena mwaka 2002 kwa boti ndogo za matembezi.

Mjukuu akauliza, "Kambo, tunaweza kuoga?" Parka akatikisa kichwa. Dada akasema hapana: viwanda viliacha sumu katika tope la chini, na mpaka leo ipo.

Hapo moyo ulinishtuka. Maji yalikuwa mazuri kwa macho. Nikawaza mto wetu wa hapa Lubumbashi, chini ya ule mlima mweusi wa takataka za shaba. Watoto wetu wanaoga kwenye mito, wanafua, wengine wanamwagilia lengalenga. Sisi tunawaambia tu, "Usiende kule, nitakupiga." Hatuwaambii sababu. Mtoto asiyejua sababu anangoja mama aende soko, halafu anaenda.

Mjukuu wangu hakupigwa wala hakutishwa. Aliambiwa ukweli, na mnyama aliyempenda alikuwa pale akiuambiwa pamoja naye. Jioni alimweleza baba yake yote: maji makali, milango, sumu ya chini.

Hatuna pesa za kununua vazi kama lile, lakini tuna Kalulu, sungura wa hadithi zetu, na kila mama hapa anajua kumwigiza. Naomba kila kikundi kichague Jumamosi moja, tuwapeleke watoto mpaka kando ya mto, tukiwashika mikono. Kalulu awaeleze maji yanatoka wapi, yanapita wapi, nini kimetupwa ndani, na kwa nini hatuyaingii. Wakituuliza nani aliyachafua, tusiwanyamazishe. Swali hilo ni la kwetu pia, na tuna haki ya kulipeleka kwa wakubwa.