Kisanduku cha Intaneti Nacho ni Chombo cha Nyumba

Katika kurasa kama hizi tumezoea kuzungumza juu ya lishe ya watoto, usafi wa maji na matumizi ya fedha za nyumbani. Leo tunaomba tuzungumze juu ya chombo kimoja kilichoingia majumbani mwetu bila maelekezo ya kutosha. Ni kile kisanduku chenye taa ndogo kinacholeta intaneti. Wengi hukiita waifai. Mafundi hukiita ruta. Tunajua mtungi wa gesi utaisha lini, tunajua siku ya kuosha tangi la maji, lakini ruta tunaipangusa vumbi tu, basi.

Sisi tunaishi Mji Mkongwe, Unguja, katika ghorofa ya pili ya nyumba ya zamani. Baba wa watoto wetu anafanya kazi Chake Chake, Pemba, na huja nyumbani mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo mambo mengi ya familia huamuliwa kwa simu ya video saa tatu usiku, watoto wakishakula. Kwa miezi kadhaa mazungumzo hayo yaliharibika. Picha iliganda, sauti ikapotea, na mara nyingi ilipotea katikati ya jambo zito. Mtu aliye mbali, simu ikimkatikia mara tatu, huanza kudhani amekatiwa. "Mbona tukifika kwenye habari ya ada mnapotea?" aliuliza siku moja, na hakuwa akitania. Kisha akamshuku binti yetu wa kidato cha sita kwamba anamaliza intaneti kwa kutazama filamu. Binti alilia, akaacha hata kujisomea kwa simu. Tazameni jinsi kisanduku kidogo kinavyoweza kuondoa amani nyumbani!

Wapo waliotushauri tununue kifurushi kikubwa zaidi. Fedha zake zingetoka kwenye akiba ya ada, kwani hapakuwa na nyingine.

PIMA KABLA YA KUTIBU

Sisi wauguzi tumefundishwa kwamba mgonjwa hapewi dawa kabla ya kupimwa, tena kipimo kimoja hakitoshi. Joto la mwili huandikwa asubuhi, mchana na jioni, ndipo ugonjwa huonyesha sura yake. Basi tulichukua daftari, tukachora mistari kama chati ya wodini, na kwa siku saba tukapima kasi ya intaneti alfajiri, mchana na usiku. Tulitumia programu ya bure ya simu, na kila mara tulipima mahali pawili: karibu na ruta, na chumbani. Wenye kifurushi cha data kidogo wakumbuke kwamba kupima nako hula data, hivyo wapime kwa kiasi.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Kasi huhesabiwa kwa megabiti kwa sekunde, lakini ukubwa wa picha na faili huhesabiwa kwa megabaiti; na megabaiti 1 ni megabiti 8. Kwa hiyo aliyeuziwa kasi ya megabiti 16 atapata megabaiti 2 tu kwa sekunde, tena hali ikiwa nzuri. Hajapunjwa. Simu ya video nayo haihitaji kasi kubwa sana. Megabiti chache zinatosha, mradi zisiyumbe.

Daftari lilituonyesha kwamba ugonjwa haukuwa mmoja. Ilikuwa mitatu.

Wa kwanza ulikuwa ukuta. Alfajiri, karibu na ruta, tulipata megabiti 18. Chumbani, hatua kumi tu kutoka pale, tulipata 2. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na nyingi zina unene wa nusu mita au zaidi. Wazee walijenga hivyo ili nyumba ipoe. Habari ya mawimbi ya redio haikuwapo. Fundi aliyetufungia ruta aliiweka ndani ya kidaka cha ukutani. Kidaka ni mahali pazuri pa bakuli la kauri, lakini ruta ikiwa humo huzungukwa na jiwe karibu pande zote. Tena ruta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Yale ya 5 yana kasi zaidi, lakini hudhoofika upesi yakikuta ukuta. Yale ya 2.4 ni ya polepole, lakini hupenya vizuri zaidi. Tuliitoa ruta kidakani, tukaiweka juu ya kabati ukumbini, mkabala na mlango wa chumba. Chumbani tukapata 9.

Msidhani shida hii ni ya nyumba za mawe peke yake. Wifi yetu (huyu ni dada wa mume, si intaneti) anaishi Fuoni katika nyumba ya matofali iliyoezekwa kwa bati. Ruta yake hutumia laini ya simu, na bati lilikuwa likizuia mawimbi yanayotoka mnarani. Alipoihamishia dirishani, upande wenye mnara, hali ilibadilika siku ile ile. Kumbukeni basi kwamba intaneti ya namna hii husafiri mara mbili: kutoka mnarani hadi kwenye ruta, kisha kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu yako. Tafuta mahali panapofaa kwa safari zote mbili.

Ugonjwa wa pili ulikuwa saa. Saa tatu usiku kasi ilishuka hata tulipokaa ubavuni mwa ruta. Mnara mmoja hutumiwa na nyumba nyingi, na saa hiyo kila nyumba inautaka. Huo si ugonjwa wa nyumbani, wala hautibiki nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa hata tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Siku hiyo hata ungeihamisha ruta mara ishirini usingepata nafuu. Sisi tulihamisha mazungumzo badala ya ruta. Sasa tunaongea na baba watoto saa kumi na moja alfajiri, kabla ya zamu, na akili zimetulia.

USIPOZIBA UFA

Ugonjwa wa tatu ulikuwa ndani ya ruta yenyewe. Kila baada ya siku mbili au tatu iliganda: taa zinawaka, lakini hakuna kinachopita mpaka tuizime na kuiwasha upya.

Ruta ni kompyuta ndogo, na ndani yake mna programu inayoiendesha. Watengenezaji wakigundua kasoro katika programu hiyo hutoa marekebisho, na kuyapokea marekebisho hayo ndiko kusasisha. Kazi yake si kuongeza kasi uliyonunua. Kazi yake ni kuondoa kasoro na kuziba nyufa ambazo wezi hupitia. Nyufa hizo si hadithi. Mwezi Mei 2018 ilitangazwa kwamba programu haribifu iliyoitwa VPNFilter imeingia katika vifaa visivyopungua 500,000, vingi vikiwa ruta za majumbani na za ofisi ndogo, katika nchi zisizopungua 54. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliwaomba wenye ruta wazizime na kuziwasha upya. Anayeingia katika ruta yako anaweza kuwapeleka watu wa nyumba yako kwenye kurasa bandia na kuwaibia maneno yao ya siri. Na simu zile zile ndizo tunazotunzia fedha.

Namna ya kusasisha ni hii. Geuza ruta utazame karatasi iliyobandikwa chini. Utaona anwani, kwa mfano 192.168.1.1, pamoja na jina na neno la siri. Ukiwa umeunganishwa na ruta hiyo, iandike anwani katika simu mahali pa kufungulia tovuti, uingie, utafute sehemu ya kusasisha. Ruta nyingine husasishwa na kampuni yenyewe kutoka mbali. Ikiwa ni hivyo, piga simu huduma kwa wateja uulize mara ya mwisho ilikuwa lini. Usichukue programu kutoka tovuti usiyoijua. Na kama mtengenezaji ameacha kabisa kutoa marekebisho ya ruta hiyo, anza kuweka akiba ya kununua nyingine.

Jambo la hatari ni umeme. Ukikatika katikati ya kusasisha, ruta inaweza kufa isiamke tena. Sisi wa Unguja hatuhitaji kufundishwa habari ya umeme: mwaka 2008 tulikaa gizani karibu mwezi mzima, na tena tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Kwa hiyo hakikisha uniti za Tukuza zipo, chagua saa ambayo umeme umetulia, na waambie watoto wasiguse plagi mpaka kazi iishe. Kwa kawaida ni dakika chache.

Programu ya ruta yetu ilikuwa ya zaidi ya miaka miwili nyuma. Tuliisasisha Jumamosi asubuhi. Kasi ilibaki ile ile daftarini, lakini kule kuganda kuliisha.

Mwisho wa mwezi baba alipokuja tulimpa daftari. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akaona kwamba kasi ilishuka hata usiku ambao binti alikuwa bwenini. Akamwita, akamwomba radhi mbele yetu sote. Kifurushi kikubwa hatukununua, na ada ililipwa kwa wakati.

NENO LA SIRI NA JIRANI

Limebaki moja. Badilisheni lile neno la siri la kuingilia ndani ya ruta, lisiwe lile lililotoka nalo kiwandani. Najua mtasema habari ya majirani. Mji Mkongwe vijana hukaa barazani, nao wakikuomba waifai ni vigumu kuwanyima. Ruta nyingi zina mlango wa pili, waifai ya wageni. Wafungulieni huo, wenye neno lake la siri, na ule wa familia ubaki wa familia. Hata nyumbani mgeni hukaribishwa sebuleni, wala hatuoni haya kufunga mlango wa chumba cha kulala.