Vishindo vya Mabata-Maji

Kabla ya kuingia ukumbi wa Bolshoi mjini Moscow, ngoma ya baleti tuliijua kwa filamu tu, tukadhani wachezaji wake hawana uzito. Usiku ule ilichezwa "Ziwa la Mabata-Maji" ya Tchaikovsky, iliyoonyeshwa kwanza na Bolshoi hiyo hiyo mwaka 1877. Muziki ulipotulia tukasikia viatu vikigonga mbao: ko, ko, ko. Kumbe malaika wale wana mifupa! Nusura tuvunjike moyo. Lakini Odile, katika vazi lake jeusi, alipozunguka mara 32 juu ya mguu mmoja, tulijikuta twahesabu kama mizani: mishororo miwili kamili ya shairi letu. Jasho lilimruka. Tangu hapo twaomba kiti cha mbele, penye vishindo.