Spika, gari na sikio la Mama

Leo naweka kando tarakilishi, tuingie garini.

Usukani wangu uko kulia. Nilipima kwa tepu: spika ya mlango wa kulia iko sentimita 90 kutoka kichwani mwangu, ya kushoto 135. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hivyo ya kushoto huchelewa milisekunde 1.3. Ubongo hufuata sauti inayotangulia, basi nikamsikia mwimbaji kama amejificha mlangoni kwangu.

Mwandishi wa programu ni yule yule: nikaandika msimbo wa kuchelewesha spika ya kulia kwa sampuli 58, kati ya zile 44,100 za kila sekunde ya CD. Lo! Mwimbaji akahamia katikati ya dashibodi.

Jumapili nikambeba Mama. Huketi kushoto, na sikio lake la kushoto limeanza kuchoka.

"Mwanangu, mbona huyu wa redio anazungumza na dirisha?"

Kumbe kwake nilikuwa nimeongeza tofauti maradufu! Mwamba ngoma huivutia kwake.

Nikafuta msimbo, nikaenda kwa fundi. Tulihamisha spika mbele kabisa, kando ya miguu. Sasa ni sentimita 120 na 155: tofauti imepungua kwetu sote wawili. Sabufa ilibaki kwenye buti, maana besi nzito ni vigumu kujua inakotoka.

Mama husikiliza taarifa ya habari hadi mwisho. Je, spika zako umemwekea nani?